Serikali ya Bunge tuliyoishi nayo mwaka mmoja

Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyoyasema hewani juma lililopita. Wasikilizaji kadhaa walilalamika kwamba umeme ulikatika katikati ya kipindi, wengine wakabaki na mwanzo bila mwisho na wengine mwisho bila mwanzo. Kwa hiyo leo yanachapwa yote.

Chanzo chake ni mama mmoja mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Alinitambua kwa sauti, akaweka chini ungo wake, akanisimamisha. “Mwanangu mtangazaji,” alisema, “kila siku mnatuambia Serikali inawajibika kwa Bunge. Mimi nikitazama runinga naona wabunge ndio wanaomnyenyekea waziri. Sasa hapo nani amemwajiri mwenzake?”

Nilimjibu, “Mayu, nitakujibu redioni,” nikaondoka upesi. Kusema kweli, sikuwa na jibu la kusimama nalo mbele ya watu. Nimelitafuta kwa majuma mawili, na nimelikuta katika historia, tena nusu yake katika historia ya ziwa letu hili.

Tuanze na mfumo wenyewe. Watu wa kanda hii hawahitaji profesa wa kuwaeleza, maana wamekulia katika ushirika wa pamba. Wanachama huchagua wajumbe, wajumbe huweka kamati, kamati huendesha chama. Mkutano ukiikataa kamati, kamati hufungasha. Serikali ya Bunge inakwenda hivyo hivyo. Mwananchi hapigi kura ya kumchagua Waziri Mkuu. Anapiga kura ya mbunge wa jimbo lake tu. Wabunge wakishakutana, kiongozi wa chama chenye viti vingi ndiye anayeitwa kuunda Serikali, naye huchagua mawaziri wake kutoka miongoni mwa wabunge wenzake. Hapo juu anakuwepo mkuu wa nchi, mfalme au rais wa heshima, ambaye hutia saini na kupokea mabalozi, lakini hutenda kwa ushauri wa Waziri Mkuu.

Kiini chake ni neno moja: imani. Serikali ya namna hiyo huishi kwa imani ya Bunge. Bunge likisema halina imani nayo, au likiikataa bajeti yake, basi Serikali huanguka au hurudi kwa wapiga kura. Ndiyo maana mawaziri huko husimama pamoja: asiyekubaliana na uamuzi wa Baraza la Mawaziri huondoka kwanza, ndipo aseme. Tena kila waziri hubeba mzigo wa wizara yake hata kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakulitenda wala hakuliamuru. Mshikeni huyo waziri mkononi, ndugu msomaji, kwa sababu tutakutana naye tena hapa hapa Mwanza.

Kabla ya uhuru hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Aliyetawala Tanganyika alikuwa Gavana, na Gavana hakuwajibika kwa mtu yeyote wa Magu, Kwimba au Ukerewe. Aliwajibika London. Kanda ya Ziwa iliionja shubiri hiyo kuliko sehemu nyingi za nchi. Tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku kufanya kazi Usukumani, na hakukuwa na kikao ambamo mkulima angeweza kusimama akauliza kwa nini. Mwaka 1958 watu wa Geita walipochoshwa na baraza la mchanganyiko wa rangi waliloletewa wilayani mwao bila kuulizwa, ilibidi waandamane mpaka Mwanza mjini. Asiyekuwa na pa kuuliza hutumia miguu.

Lakini watu wa huku walikuwa na shule nyingine. Paul Bomani na wenzake walikwishajenga ushirika wa wakulima wa pamba, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chenye makao yake hapa Mwanza, kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Upande wa Bukoba, George Kahama alikuwa meneja wa ushirika wa kahawa. Gavana Sir Richard Turnbull alipoamua mwaka 1959 kuingiza mawaziri watano waliochaguliwa na wananchi, Kahama alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata Bomani akawa Waziri wa Kilimo. Kwa maneno mengine, mawaziri wa kwanza wa pwani ya ziwa hili walitoka katika mikutano ya ushirika, ambako mtu alizoea kuulizwa fedha zimekwenda wapi.

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Hata huyo mmoja aliyeponyoka, Herman Sarwatt wa Mbulu, alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea wa chama. Septemba 1960 Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi, tarehe 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi, na Turnbull, aliyekuwa Gavana, akageuka Gavana Mkuu wa kumwakilisha. Mtu aliyekuwa na amri zote Ijumaa, Jumamosi yake alikuwa mtu wa kutia saini kwa ushauri wa mwalimu wa shule kutoka Butiama. Hiyo ndiyo Serikali ya Bunge kamili, nasi tuliishi nayo mwaka mmoja barabara, tangu 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962.

Tukio lake kubwa lilikuja mapema mno. Tarehe 22 Januari 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama. Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Katika mabadiliko hayo Bomani alihamia Wizara ya Fedha, kumrithi Sir Ernest Vasey, Mzungu aliyekuwa ameishika.

Tafakari hapo kidogo. Kiongozi wa nchi aliondoka, mwingine akaingia, hakuna uchaguzi mkuu, hakuna askari barabarani, maduka ya Barabara ya Makongoro yakaendelea kufunguliwa kama kawaida. Mfumo wa Bunge una wepesi huo. Serikali inaweza kubadili nahodha bila kurudi pwani, mradi walio wengi ndani ya Bunge wamekubali.

Ila ukichungulia vizuri utaona jambo jingine. Uamuzi wenyewe haukufanyika katika Ukumbi wa Karimjee, mahali Bunge lilipokuwa likikutana. Ulifanyika katika kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU. Bunge lilipata habari iliyokwisha kuiva. Kwa viti 70 kati ya 71 ingekuwaje vinginevyo? Mfumo ule unataka pawepo watu upande wa pili wa ukumbi ambao wako tayari kuchukua Serikali kesho asubuhi. Sisi upande wa pili hapakuwa na mtu. Tulikuwa na mizani nzuri ya Kiingereza, yenye sahani moja.

Matokeo yake yalionekana mwaka huo huo. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, ambayo wengi wetu tumezoea kuihesabu katika madhambi ya mfumo wa Rais, ilipitishwa mwaka 1962 chini ya Waziri Mkuu, katika Serikali ya Bunge, na Bunge lile lile lililokuwa na uwezo wa kuikataa. Nasema hivyo kwa sababu kuna wenzetu, hasa wakati wa mijadala ya katiba mpya, wanaozungumza kana kwamba tungerudisha uwaziri mkuu wa 1961 kila kitu kingenyooka. Karatasi peke yake haimtoi mtu rumande.

Mwaka 1962 Serikali ilitoa Waraka wake Na. 1 kupendekeza Jamhuri. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wananchi wetu hawatamwelewa mkuu wa nchi anayepigiwa mizinga lakini haamui kitu, na mkuu wa Serikali anayeamua kila kitu lakini hapigiwi mizinga. Heshima na madaraka, walisema waandishi wa waraka ule, vikae kwa mtu mmoja. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa pale mkuu wa nchi alipokuwa Malkia aliyeko ng'ambo. Lakini mimi kama mtu wa Usukumani naipokea kwa nusu moyo. Wazee wetu walikuwa na ntemi, naye ntemi alikuwa na banang'oma, wale waliokaa wakamchagua kutoka ukoo wa kitemi, na ambao mambo yakiharibika waliweza kumwondoa. Mtu aliyelelewa chini ya utawala huo angeshindwaje kuelewa kwamba anayeketi kitini anaweza kuwa na watu wa kumwinua kitini? Uongozi wa kitemi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, na banang'oma wakafutika nao.

Novemba 1962 nchi ilipiga kura ya Rais. Nyerere alipata kura 1,127,978. Zuberi Mtemvu wa ANC alipata 21,276. Tarehe 9 Desemba 1962 Jamhuri ikazaliwa, cheo cha Waziri Mkuu kikafutika, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Katiba mpya ikasema Rais atatenda kwa hiari yake na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote. Maneno ya namna hiyo yangali katika Ibara ya 37 ya Katiba yetu.

Hatukuwa peke yetu. Nchi zote tatu zinazonywa maji ya ziwa hili zilianza na Serikali ya Bunge, na zote tatu ziliiacha. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 ikiwa na Waziri Mkuu Jomo Kenyatta, na mwaka mmoja baadaye siku hiyo hiyo akawa Rais mtendaji. Sisi na Wakenya angalau tulibadili kwa taratibu za vikao.

Uganda ilikuwa habari nyingine. Huko Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa na Rais wa heshima, Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda, tangu Oktoba 1963. Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, Bunge lilipitisha hoja ya Daudi Ocheng ya kutaka uchunguzwe mzigo wa fedha na dhahabu ya Kongo uliomhusu Idi Amin, aliyekuwa ofisa wa jeshi. Hilo ndilo Bunge linalofanya kazi yake. Obote alirudi, na tarehe 22 Februari askari waliingia katika kikao cha Baraza la Mawaziri pale Entebbe, ng'ambo tu ya maji haya, wakawakamata mawaziri watano. Aprili akaleta katiba mpya iliyomfanya Rais mwenye madaraka, na Mei jeshi likaishambulia Ikulu ya Kabaka huko Mengo. Waziri Mkuu aliyehofia kura ya wenzake aliamua kuwa asiye na haja ya kura yao. Miaka mitano baadaye Amin huyo huyo alimpindua.

Turudi nyumbani. Je, ule mwaka wetu mmoja haukuacha kitu? Uliacha. Marekani, ambako Rais pia ndiye mtendaji, waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Sisi tulichukua Rais mtendaji lakini mawaziri wetu tukawaacha pale pale Bungeni, wakijibu maswali, wakisoma bajeti. Tarehe 17 Februari 1972 tukarudisha hata cheo cha Waziri Mkuu, akakishika Kawawa yule yule, ila safari hii akiteuliwa na Rais. Tulivunja nyumba ya 1961, tukajenga mpya kwa matofali yake.

Miongoni mwa matofali hayo lilikuwemo lile la waziri kubeba mzigo wa wizara. Kwa miaka mingi lilikaa tu ukutani. Likaja kudondoka hapa kwetu.

Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa katika hofu kubwa. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Bibi aliyeharibiwa macho na moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe aliweza kukatwa mapanga kwa sababu ya wekundu wa macho yake. Ni aibu ambayo haijatuisha mpaka leo. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliamua kufanya msako wa kuwatafuta wauaji na waganga waliokuwa wakiwachochea. Nia ilikuwa ya kuokoa roho za watu. Lakini watu wengi walikamatwa kwa tuhuma tupu, wakateswa ili wakiri, na kadhaa wakafia mikononi mwa walinzi wa sheria. Kwa hiyo wakulima wa Usukumani walikufa mara mbili: bibi kwa panga la jirani, na mjukuu wake kwa mateso ya aliyetumwa kumlinda.

Habari zilipofika juu na uchunguzi ukafanyika, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa ametesa mtu. Hakuwa ametoa amri mtu ateswe. Januari 1977 alijiuzulu. Alijiuzulu pia Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga wakaachia ngazi. Baadaye maofisa wa polisi na usalama waliohusika walipelekwa mahakamani, na baadhi yao wakahukumiwa vifungo.

Nilikuwa sijazaliwa. Lakini nimekua nikilisikia neno “kuwajibika” vijiweni kwa maana moja tu, ya kiongozi kuachia madaraka mwenyewe, na wazee walipotaka mfano walitaja jina la Mwinyi. Kamusi inaweza kusema neno hilo maana yake ni kuwa na wajibu. Mtaani maana yake ilikwisha kuwekwa na yaliyotokea Mwanza na Shinyanga.

Tazama basi maajabu ya historia. Mwaka 1977 tulikuwa na chama kimoja na Rais mwenye madaraka yote ya utendaji. Hakuna Bunge lililompigia Mwinyi kura ya kutokuwa na imani, wala lisingeweza. Hata hivyo kanuni ya Serikali ya Bunge, ile tuliyoiaga mwaka 1962, ilitimizwa kikamilifu kuliko ilivyowahi kutimizwa mwaka ule tulipokuwa nayo kisheria. Mwinyi alipelekwa ubalozini Misri, akarudi, na mwaka 1985 akawa Rais wa nchi. Waliosema kujiuzulu ni kujimaliza kisiasa walikosa la kusema.

Lakini kuna upande wa pili ambao hatuusemi sana. Mfumo ulitegemea dhamiri ya mtu na macho ya Rais. Kama Rais wa wakati ule angeamua kufumba macho, yule mkulima wa Kwimba aliyerudishiwa maiti ya mwanawe angekwenda kumuuliza nani?

Mwaka 1992, pamoja na kurudishwa kwa vyama vingi, Katiba ilijaribu kujibu swali hilo. Iliingizwa Ibara ya 53A: Bunge linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja lazima iungwe mkono kwa saini za asilimia ishirini ya wabunge wote, ifike kwa Spika siku zisizopungua kumi na nne kabla, na ipite kwa wingi wa wabunge wote, si wale tu walioingia ukumbini siku hiyo. Rais naye, kwa Ibara ya 46A, anaweza kushtakiwa Bungeni, ingawa mlima wa kupanda hapo ni mrefu zaidi. Na Waziri Mkuu anayeteuliwa na Rais sharti athibitishwe kwa kura za wabunge.

Hapo sasa ndipo penye jibu la mama wa Kirumba. Soma Ibara ya 53. Kifungu chake cha kwanza kinasema Waziri Mkuu atawajibika kwa Rais. Cha pili kinasema mawaziri, wakiongozwa na Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni. Mtu mmoja, mabwana wawili. Na ikitokea mabwana hao wakagombana? Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Huko kwenye Serikali ya Bunge halisi, bajeti ikikataliwa anayetetemeka kwanza ni Waziri Mkuu. Kwetu anayetetemeka kwanza ni mbunge, maana anakumbuka deni la kampeni. Kwa haki niongeze kwamba Bunge likivunjwa Rais naye hurudi kwa wapiga kura, kwa hiyo kisu hicho kina makali pande mbili, na pengine ndiyo sababu hakijawahi kuchomolewa kwa ajili ya bajeti.

Kura yenyewe ya kutokuwa na imani haijamwangusha Waziri Mkuu yeyote. Lakini kivuli chake kimefanya kazi. Mwishoni mwa mwaka 1994 John Malecela aliondolewa uwaziri mkuu baada ya vurumai ya hoja ya Serikali ya Tanganyika, na Mwalimu Nyerere, akiwa amestaafu, ndiye aliyekuwa ameandika kijitabu kizima akidai kwamba Rais akikosea kwa sababu ya washauri wake, washauri ndio wabebe. Hiyo ni hoja ya Serikali ya Bunge tupu, kutoka kwa mtu aliyeifuta. Mwaka huo huo Bunge lilimpata Spika Pius Msekwa, mwana wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu wa Bunge katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Februari 2008 ndiyo iliyofika karibu zaidi. Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe iliweka mezani ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama Bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Nazir Karamagi, mbunge wa Bukoba Vijijini, na Ibrahim Msabaha waliachia uwaziri, na Baraza zima likavunjika, kwa kuwa Katiba inasema Waziri Mkuu akiondoka mawaziri wote wanaondoka. Hakuna kura iliyopigwa. Ila kila mtu ukumbini alijua kura ingeweza kupigwa.

Aprili 2012 ikajirudia kwa sura nyingine. Baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge zaidi ya asilimia ishirini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Zile siku kumi na nne zikaizuia hoja isiingie. Tarehe 4 Mei Rais Jakaya Kikwete alipanga upya Baraza lake na mawaziri sita wakaachwa, akiwemo mbunge wa Sengerema, William Ngeleja, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Bunge lilitikisa mti, matunda yakaangukia Ikulu, na Ikulu ndiyo iliyochagua yapi yaokotwe.

Niliyasema haya hewani, na msikilizaji mmoja wa Nansio akaniandikia ujumbe: “Na MV Nyerere je?” Kivuko kile kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanaona nchi kavu. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Ukara kuzika. Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa mtendaji mkuu wa TEMESA, wakala wa Serikali uliomiliki kivuko, na kuivunja bodi yake. Kasi ilikuwa kubwa, na wengi tuliishangilia. Lakini angalia mshale ulikotoka: ulitoka juu kwenda chini. Ulimpata mtendaji, ukaivuka wizara. Msikilizaji wangu wa Nansio anauliza swali lile lile la 1977, kwamba mzigo wa mtumishi anaubeba waziri gani, na ubebwe mbele ya nani. Nimemjibu kwamba kwa Katiba ilivyo, mbunge wake anayo haki ya kuliuliza hilo Bungeni na waziri hana haki ya kukaa kimya. Kumwondoa waziri huyo ni kazi ya Rais. Bunge linaweza kumfikia tu kwa kumwangusha Waziri Mkuu na wote walio nyuma yake.

Kwa hiyo mayu wa Kirumba, uliyeuliza nani amemwajiri mwenzake: waziri anateuliwa na Rais, anaketi na wabunge, analipwa na wewe. Nitapita mwaloni Jumamosi asubuhi na gazeti hili. Najua miwani yako ilivunjika. Binti yako wa kidato cha tatu atakusomea, na akifika penye Ibara ya 53 mwambie asome polepole.